Namna ya kuichambua namba kubwa kwa mkono: mfano wa 123,456,789

Swali huja kwa sura nyingi lakini ni lilelile. "Mwalimu, hii namba ni tasa?" "Ina vigawo vingapi?" "Nimegawa kwa 7, kwa 11, kwa 13, zote zinakataa, sasa niishie wapi?" Kuna wanaotuma namba tupu, tarakimu tisa au kumi, bila hata salamu, kama vile mimi ni mashine. Nimeona niandike mara moja. Atakayeuliza tena nitamrushia hii.

Tutatembea na namba moja tangu mwanzo hadi mwisho: 123,456,789. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndiyo namba ambayo karibu kila mtu huibonyeza akishika kikokotoo kipya. Pili, ina hila ndani yake. Ukiifuata kwa njia ya kawaida utagawa zaidi ya mara mia tano kabla haijafunguka. Ukiiendea kwa ujanja, inafunguka kwa majaribio mawili.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Daftari la hesabu lenye vyumba. Karatasi tupu inakubali, ila tarakimu zikianza kupanda na kushuka utazipanga vibaya.
- Kalamu ya risasi na kifutio.
- Kikokotoo cha kawaida, hata cha simu. Hakikisha kinaonyesha angalau tarakimu kumi bila kugeuza jibu kuwa kitu kama 1.2E8.
- Orodha ya namba tasa zilizo chini ya 100. Ziko 25: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47, 53, 59, 61, 67, 71, 73, 79, 83, 89, 97. Ziandike ndani ya jalada la daftari.
- Saa moja isiyo na kelele.

Maneno machache tukubaliane. *Kigawo* ni namba inayoigawa nyingine bila kubakiza kitu: 3 ni kigawo cha 12. *Kigawe* ni kinyume chake: 12 ni kigawe cha 3. *Namba tasa* ina vigawo viwili tu, 1 na yenyewe. *Kipeo cha pili* cha 5 ni 25, na *kipeuo cha pili* cha 25 ni 5. Herufi moja tu inayatenganisha maneno hayo mawili, na nimeona watoto wakipoteza alama kwa sababu yake. Namba ambayo kipeuo chake ni namba nzima, kama 25 au 9604, nitaiita *namba mraba*. Basi. Nadharia imekwisha.

Hatua kwa hatua

1. Iandike namba, uisome kwa sauti.

Sitanii. Milioni mia moja ishirini na tatu, laki nne na elfu hamsini na sita, mia saba themanini na tisa. Ukiisoma hivyo huwezi kuruka tarakimu. Kisha zihesabu: ziko tisa.

Angalizo: hapa naweka koma kutenganisha maelfu, kama tunavyofanya Tanzania na Kenya. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliosoma hesabu kwa Kifaransa hutumia koma pale sisi tunapoweka nukta ya desimali. Ukipokea namba kutoka kwa mtu wa huko, muulize kwanza koma yake ina maana gani.

2. Toa vigawo vidogo, bila kugawa.

Vigawo vidogo vinajulikana kwa kutazama tu.

Tarakimu ya mwisho ni 9, kwa hiyo namba ni witiri: 2 imeondoka. Haiishii na 0 wala 5: 5 imeondoka.

Jumlisha tarakimu zote: 1+2+3+4+5+6+7+8+9 = 45. Jumla ikigawanyika kwa 3, namba inagawanyika kwa 3. Ikigawanyika kwa 9, namba inagawanyika kwa 9. 45 inakubali zote mbili. Tugawe basi:

123,456,789 ÷ 9 = 13,717,421

Ona kitu kimoja hapo. Ukizipangua hizo tarakimu tisa upendavyo, jumla inabaki 45. Kuna namna 362,880 za kuzipanga, na hakuna hata moja inayotoa namba tasa. Ukiletewa 918,273,645 na kuulizwa kama ni tasa, jibu liko mdomoni kabla muulizaji hajamaliza sentensi.

Sasa achana na ile namba ya mwanzo. Kuanzia hapa tunashughulika na 13,717,421 peke yake. Jumla ya tarakimu zake ni 26, kwa hiyo 3 haimo tena.

Kwa 7, 11 na 13 kuna njia moja inayozipima zote kwa pigo moja, kwa kuwa 7 × 11 × 13 = 1001. Kata namba katika mafungu ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha toa na kujumlisha kwa zamu:

421 − 717 + 13 = −283

Alama ya kutoa isikusumbue. Pima 283: kwa 7 inabaki 3, kwa 11 inabaki 8, kwa 13 inabaki 10. Hakuna iliyogawanya, kwa hiyo zote tatu si vigawo vya 13,717,421.

Kosa la kawaida: watu huanza kukata mafungu kutoka kushoto, wakapata 137, 174, 21. Ni kulia. Daima kulia.

3. Tafuta kipeuo cha pili, ujue mpaka wako.

Hili ndilo jibu la yule aliyeuliza aishie wapi. Namba ikiwa ni zao la vigawo viwili, haiwezekani vyote viwili kwa pamoja vikawa vikubwa kuliko kipeuo chake. Kwa hiyo ukigawa kwa namba tasa mpaka ukakifikia kipeuo na zote zikakataa, namba yako ni tasa. Hakuna haja ya kwenda mbele zaidi.

Bila kikokotoo: 3700 × 3700 = 13,690,000. Kinachobaki ni 27,421. Gawa hicho kwa mara mbili ya 3700, yaani 7400, unapata kama 3.7. Kwa hiyo kipeuo ni karibu 3703.7.

Mpaka wetu ni 3703. Chini yake kuna namba tasa zaidi ya 500. Hapa ndipo wengi hufunga daftari.

4. Gawa kwa namba tasa mpaka 97, usizidishe.

Tumeshapima 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Zimebaki 19. Fanya zote. Najua zinachosha, lakini kazi hii italipa kwenye hatua ya sita kwa namna usiyotegemea.

Kupata baki kwa kikokotoo: gawa, chukua sehemu nzima ya jibu, izidishe tena kwa kigawanyo, kisha toa. Kwa mfano 13,717,421 ÷ 17 = 806,907.117… Chukua 806,907 × 17 = 13,717,419. Toa: inabaki 2. Kwa hiyo 17 haimo.

Andika mabaki kwenye safu moja. Hizi ni za kwanza sita, ujipime nazo:

17 inabakiza 2
19 inabakiza 10
23 inabakiza 14
29 inabakiza 15
31 inabakiza 14
37 inabakiza 4

Ukiendelea hadi 97 utakuta zote zinabakiza. Kama kuna mahali umepata sifuri, rudia, umekosea.

Angalizo: usiamini tarakimu za desimali kwa macho. Kikokotoo chenye kioo kifupi kinaweza kukata mkia wa jibu na kukuonyesha namba nzima wakati si nzima. Zidisha urudi nyuma kila mara.

5. Sasa jaribu njia ya Fermat.

Pierre de Fermat alikuwa mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, aliyefariki mwaka 1665. Hesabu kwake ilikuwa kazi ya ziada baada ya mahakama. Njia yake ni hii: namba yoyote witiri yenye vigawo inaweza kuandikwa kama namba mraba moja ukitoa namba mraba nyingine. Ukizipata mbili hizo, vigawo unavyo, kwa sababu

a² − b² = (a − b) × (a + b)

Unachofanya: anza na namba nzima ya kwanza juu ya kipeuo. Ipandishe kipeo cha pili, toa namba yako, utazame kama kilichobaki ni namba mraba. Kama siyo, ongeza moja, jaribu tena.

Kipeuo chetu ni 3703 na kitu, kwa hiyo tunaanza na 3704.

Jaribio la kwanza: 3704² = 13,719,616. Toa 13,717,421. Inabaki 2,195. Je, ni namba mraba? Namba mraba inayoishia na 5 lazima iishie na 25. Hii inaishia na 95. Hapana.

Jaribio la pili: 3705. Usizidishe upya. Kutoka 3704² kwenda 3705² unaongeza 3704 + 3705 = 7,409 tu. Kwa hiyo baki jipya ni 2,195 + 7,409 = 9,604. Inaishia na 04, inaruhusiwa. 98 × 98 ni ngapi? 100 × 100 ni 10,000, ondoa 400, ongeza 4: 9,604.

Imefunguka. a ni 3705, b ni 98.

3705 − 98 = 3607
3705 + 98 = 3803

13,717,421 = 3607 × 3803

Kila nikionyesha hili mbele ya wanafunzi wa tuisheni, kuna mmoja lazima achukue kikokotoo kuhakikisha. Na wewe fanya hivyo.

Ili usipoteze muda kutafuta vipeuo vya bure: namba mraba haiishii kamwe na 2, 3, 7 wala 8. Ikiishia na 5, iwe 25. Ikiishia na sifuri, ziwe sifuri mbili. Kanuni hizo tatu zinakuondolea zaidi ya nusu ya majaribio kwa kutazama tu.

6. Hakikisha ulivyovipata ni tasa.

Hapa ndipo wengi hukosea: wanapata vigawo viwili wanashangilia, kumbe kimoja bado kinagawanyika.

Kipeuo cha 3607 ni 60 na kidogo. Kipeuo cha 3803 ni 61 na kitu. Kwa hiyo ungepaswa kuzigawa zote mbili kwa namba tasa mpaka 61. Lakini kumbuka hatua ya nne. Tulishagundua kwamba 13,717,421 haina kigawo chochote chini ya 100. Kama 3607 ingegawanyika kwa 43, tuseme, basi na 13,717,421 ingegawanyika kwa 43. Haikugawanyika. Kwa hiyo 3607 na 3803 ni tasa zote mbili, na hukuhitaji kugawa hata mara moja zaidi. Ndiyo maana nilikulazimisha.

Jibu kamili: 123,456,789 = 3² × 3607 × 3803

7. Hakiki kwa tisa, kisha kwa kumi na moja.

Siku moja nilinakili 13,717,421 vibaya. Niliandika 13,714,721, nikakaa nayo jioni nzima nikijiuliza kwa nini haifunguki. Nilikuwa nimehakiki kwa kujumlisha tarakimu, ndicho kipimo cha tisa: 26 huku, 26 kule, nikaridhika. Bila shaka zilikuwa sawa, maana tarakimu ni zilezile, zimebadilishana viti tu. Jumla ya tarakimu haioni tarakimu zilizohama.

Kipimo cha 11 kinaona. Anza kulia, jumlisha na kutoa kwa zamu:

13,717,421: 1 − 2 + 4 − 7 + 1 − 7 + 3 − 1 = −8. Ongeza 11, unapata 3.
3607: 7 − 0 + 6 − 3 = 10.
3803: 3 − 0 + 8 − 3 = 8.

Zidisha 10 × 8 = 80, ukigawa kwa 11 inabaki 3. Zimelingana. Ile yangu iliyokosewa ingetoa 9, na ningelala mapema.

Fanya vipimo vyote viwili. Vikilingana vyote, nafasi ya kuwa umekosea ni ndogo sana, ila zidisha mara moja kwa urefu kabla ya kumwonyesha mtu.

8. Hesabu vigawo, kisha viorodheshe.

Sasa mambo yanakuwa mepesi. Chukua kipeo cha kila tasa, yaani mara ngapi imo, ongeza moja, zidisha. 3 ina kipeo 2, 3607 ina 1, 3803 ina 1:

(2+1) × (1+1) × (1+1) = 12

Vigawo ni 12. Vipange kwa jozi, kila jozi ikizidishwa irudishe 123,456,789:

1 na 123,456,789
3 na 41,152,263
9 na 13,717,421
3607 na 34,227
3803 na 32,463
10,821 na 11,409

Jozi sita, vigawo kumi na viwili. Jozi ya mwisho inakibana kipeuo cha namba yetu, ambacho ni 11,111 na kitu. Kwa hiyo hata ungeanza Fermat na namba nzima bila kuondoa ile 9, ungefika kwa jaribio la nne: 11,115² − 294².

Kosa la kawaida: kusahau 1 na namba yenyewe. Lingine, la watu wanaokimbia: kuandika (2+1) kama 2 kwa sababu "tasa ni moja tu, 3". Ni kipeo kinachohesabiwa.

9. Tafuta jumla ya vigawo.

Usivijumlishe kimoja kimoja, labda kama unataka kuhakiki. Kwa 3² unapata 1 + 3 + 9 = 13. Kwa 3607 unapata 3608. Kwa 3803 unapata 3804. Zidisha:

13 × 3608 × 3804 = 178,422,816

Ondoa namba yenyewe: 178,422,816 − 123,456,789 = 54,966,027. Hiyo ndiyo jumla ya vigawo vilivyo vidogo kuliko namba. Haiifikii namba yenyewe, kwa hiyo namba yetu ni *pungufu*. Ingekuwa sawasawa, kama 6 ambayo ni 1 + 2 + 3, tungeiita *kamilifu*. Ingezidi, kama 12 ambayo vigawo vyake vidogo vinafika 16, tungeiita ya *ziada*.

10. Hesabu ya Euler.

Euler alikuwa mwanahisabati wa Uswisi. Swali hapa ni: kuanzia 1 hadi 123,456,789, namba ngapi hazina kigawo cha pamoja nayo isipokuwa 1? Kwa kila tasa isiyojirudia, toa moja. Kwa 3², chukua 9 utoe 3, unapata 6.

6 × 3606 × 3802 = 82,260,072

Kwa wanaosoma kompyuta, hesabu hii ndiyo moyo wa ufunguo wa RSA, wa kuficha ujumbe kwa siri, uliobuniwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman. Ufunguo huo unategemea ugumu wa kutenganisha zao la namba tasa mbili kubwa. Na umeshaona mwenyewe kwa nini hizo mbili hazitakiwi kukaribiana: 3607 na 3803 zilikuwa majirani, Fermat akazikamata mara moja.

11. Je, ni jumla ya namba mraba mbili?

Hii inaulizwa kidogo, nipite haraka. Tazama kila namba tasa kwenye jibu la hatua ya sita. Kama kuna inayobakiza 3 ikigawanywa kwa 4, na kipeo chake ni witiri, jibu ni hapana. 3607 inabakiza 3, kipeo chake ni 1. Hapana. Hata kama 123,456,789 yenyewe inabakiza 1, jambo ambalo huwadanganya wengi.

Yakikwama

*Nimejaribu Fermat mara arobaini, hakuna namba mraba.* Njia hii hupenda vigawo vinavyokaribiana. Kimoja kikiwa kama mara tatu ya kingine, utatembea mbali. Zidisha namba yako kwa 3, kisha ujaribu tena. Chukua 31,007. Ukianza moja kwa moja na 177, utafika 204 kwa jaribio la 28. Lakini 3 × 31,007 = 93,021, na 305² = 93,025. Inabaki 4, yaani 2². Vigawo vya 93,021 ni 303 na 307. Ondoa ile 3 uliyoiongeza kwenye 303, unapata 101. Jibu: 101 × 307. Ikikataa kwa 3, jaribu kwa 5 au kwa 15. Ukizidisha kwa namba shufwa mambo yanabadilika kidogo, mgeni aepuke.

*Namba imeonekana tasa kwa sababu imekataa vigawo vingi.* Kukataa vingi si kukataa vyote. Fermat mwenyewe aliamini kwamba 4,294,967,297 ni tasa. Mwaka 1732 Euler akaonyesha kwamba ni 641 × 6,700,417. Mpaka ni kipeuo cha pili. Kabla hujakifikia, sema "sijui bado".

*Kikokotoo cha simu kinaniandikia E.* Geuza simu ilale, vikokotoo vingi hufungua kioo kirefu zaidi. La sivyo, kata namba katika vipande na ugawe kwa mkono.

*Nimeweka namba yangu ya tarakimu 16 kwenye Excel, mwisho imegeuka 0.* Excel hushika tarakimu 15 tu, zinazofuata inazifanya sifuri bila kukuambia. Kuiandika kama maandishi kunaihifadhi, ila huwezi kuikokotoa. Kwa namba ndefu tumia Python, ambayo namba zake nzima hazina kikomo hicho. Tumia alama % kupata baki na // kupata jibu zima. Ukitumia / moja unarudi kwenye desimali na tatizo lilelile.

*Jumla ya vigawo niliyovijumlisha kimoja kimoja hailingani na ya hatua ya tisa.* Mara nyingi umeruka kigawo kimoja. Tofauti ya majibu mawili ndiyo kigawo ulichosahau. Kama tofauti si kigawo, umekosea kujumlisha.

*Nataka KKS ya namba mbili kubwa, nichambue zote?* Hapana. Gawa kubwa kwa ndogo, chukua baki, gawa ndogo kwa hilo baki, endelea hadi sifuri. Baki la mwisho lisilo sifuri ndilo Kigawo Kikubwa cha Shirika. Jaribu 987,654,321 na 123,456,789. 8 × 123,456,789 = 987,654,312. Inabaki 9. Na 9 inaigawa 123,456,789, tumeshaona. KKS ni 9, kwa mstari mmoja.

*Nipe nyingine ya kujipima.* Hiyohiyo 987,654,321. Ondoa 9 kwanza. Kisha kwenye hatua ya nne usikimbie, kuna namba tasa itakayokubali, na ukishagawa uijaribu tena hiyohiyo kabla ya kuendelea, maana imo mara mbili. Utabaki na 379,721, ambayo ni tasa, na kuithibitisha itakubidi ugawe mpaka 613. Vigawo vyote vikiwa 18, umepatia.